Mshipi Uliofundishwa Heshima

Sindano ile ilikuwa maji matupu. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na mimi nikiamini jambo sina adabu ya kulificha.

"Nesi!" niliita. "Njoo umwone mzee."

Nesi Mbeleje aliacha kitanda cha mbele akaja bila haraka, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu iliyodekiwa. Alimtazama baba, kisha akautazama mshipi uliomzunguka kiunoni, juu kidogo ya bandeji ya upasuaji wa jana. Taa ya mshipi ilikuwa ya kijani. Tangu jana ilikuwa ya kijani, kijani cha mtama mchanga, kijani kisichojua kama kuna kiangazi.

"Mzee Malogo, habari ya maumivu?"

"Nzuri, mwanangu," baba akajibu. "Namshukuru Mungu."

Nesi akanigeukia. "Umemsikia?"

"Nimemsikia. Wewe umemwona?"

Mkono wa baba ulikuwa umeshika chuma cha kitanda, mishipa imesimama kama mizizi. Jasho lilikuwa limejipanga juu ya mdomo wake, na feni ilikuwa inazunguka palepale juu ya kichwa chake. Mtu asiyeumwa hashiki chuma namna ile. Mtu asiyeumwa hana cha kushika.

"Joto," alisema nesi. "Wodi nzima inatoka jasho."

"Wewe hutoki."

"Sangula," baba aliniita kwa sauti ya kunikanya. "Mwache binti wa watu afanye kazi."

Kutoka kitanda cha jirani, Mzee Kihwele akakohoa kicheko. Alikuwa dereva wa lori la vitunguu kutoka Iringa. Mawe yake ya figo yalimkamata njiani, akaangukia mikononi mwa hospitali yetu akiwa amejikunja kwenye usukani. "Kijana wa Kigogo ana makelele," alisema. "Baba yake akiomba maji, yeye anamwombea mto."

"Na wewe Mhehe nyamaza," baba akamjibu, meno yamebanana. "Mbwa wa hospitali wamehama tangu ulipolazwa. Mlinzi anakutafuta."

Wote wawili walicheka, maana Mgogo na Mhehe ni watani, na kati ya watani hakuna tusi. Baba alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia katikati kama kamba. Nilikiona kilipokatika. Nesi alikuwa ameshageuka.

*

Sisi watu wa Chumvini maji yetu tunayatafuna. Ardhi hii ya nyika ya Bahi imejaa chumvi hadi kwenye mifupa yake, na kazi yangu mimi ni kutengeneza mitambo inayoichuja. Mitambo haitoshi. Kwa hiyo maji yanatulipiza ndani ya figo, jiwe juu ya jiwe, na hakuna ukoo hapa usio na mtu aliyewahi kugaagaa sakafuni.

Zamani ulipasuliwa, ukachomwa sindano ya ganzi pembeni ya uti wa mgongo, na kabla jua halijazama ganzi imekwisha, umebaki na kidonda chako. Siku hizi sindano inachomwa palepale, lakini dawa haiji peke yake. Inakuja ndani ya vifuko ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinajibandika kando ya neva za ubavuni, vinalala. Mshipi wa kiunoni ndio unaoviamsha. Unasikiliza neva zinavyonong'ona, na zikianza kupiga kelele unatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii. Vifuko kadhaa vinapasuka, ganzi inamwagika, kelele inazimika. Vifuko vya sindano moja vinatakiwa kumfikisha mgonjwa hadi kidonda kifunge.

Wazee wakaviita mchwa. Vinakula maumivu kimya kimya, walisema kwa furaha. Mimi jina hilo halikunifurahisha hata siku moja. Nimeona nguzo zilizoliwa na mchwa. Nje zinasimama, zimenyooka, mpaka utakapoziegemea.

Na mshipi unasema. Kila baada ya muda unauliza kwa sauti ya msichana mwenye malezi mazuri, "Shikamoo, baba. Habari ya maumivu?" Mgonjwa anajibu. Jibu linakwenda pamoja na mnong'ono wa neva, na hapo ndipo rangi ya taa inapoamuliwa. Kijani, njano, nyekundu. Rangi hiyo hiyo inaonekana Dodoma mjini, kwenye meza ya Daktari Kokuhirwa. Ndiye daktari mpasuaji wa hospitali zote za nyika. Anapasua akiwa kwake, kwa mikono ya chuma iliyofungwa huku kwetu. Mwenye nyekundu anaonwa kwanza. Mwenye kijani anaonwa wakiisha wengine, na wengine hawaishi.

Getini kwetu pamesimama bango lenye herufi kubwa za bluu, WODI ISIYO NA KILIO. Wageni wanapigia picha pale. Kampuni iliyotengeneza mchwa imewaleta watu kutoka nchi za mbali waje waone wodi ambamo taa zote ni za kijani. Mimi nilipolisoma bango lile mara ya kwanza nilijiuliza, kilio kimeondoka, au kimezibwa mdomo?

*

"Nitakuuliza mbele ya watu," nilimwambia Nesi Mbeleje aliporudi na toroli la dawa. "Gari la kampuni lililala njiani wiki iliyopita, kwenye jua. Kila mtu sokoni anajua. Dawa inayotakiwa kukaa kwenye baridi ililala kwenye jua. Mmewachoma wazee wetu nini?"

Vichwa vikainuka kwenye mito. Hata aliyekuwa anakohoa aliacha.

Nesi hakukasirika, na hilo ndilo lililozidi kunitia shaka. Alichukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akaisugua juu ya bega la kulia la baba.

"Unasikia baridi, mzee?"

"Nasikia."

Akaishusha pamba polepole hadi ubavu wa kushoto, pale mrija unapotokea mgongoni kuelekea kwenye mfuko wa mkojo. "Na hapa?"

"Hapa sisikii kitu. Kama unamsugua mtu mwingine."

Akaniwekea ile pamba kiganjani mwangu. Ilikuwa baridi ya kuchoma. "Maji hayafanyi hivyo," alisema. "Ganzi yake ni nzima. Una swali lingine?"

Mzee Kihwele alipiga mluzi mdogo. "Kijana, hapo umepigwa bao."

Nilisimama na pamba yangu mkononi, masikio yanawaka. Lakini shaka yangu haikufa. Ilihama tu, kama nyoka anavyohama shimo.

"Ninalo," nilisema. "Kama ubavu wake hausikii hata spiriti, kwa nini ameshika chuma?"

Nesi akaifunga chupa ya spiriti. Akamtazama baba, safari hii kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama taa. Aliinama, akaunganisha kibao chake na mshipi, akapitisha kidole. Niliona kunyanzi likijichora katikati ya nyusi zake.

"Nini?"

"Subiri."

"Nesi, ni nini?"

Alijibu kwa sauti ya chini. "Vifuko. Vimebaki vichache sana. Mshipi umefungua kwa siku moja karibu vyote vya wiki."

"Na taa ni ya kijani?"

"Na taa ni ya kijani," alirudia, kana kwamba anajiuliza mwenyewe.

Alipima presha. Ilikuwa imeshuka kidogo, siyo kiasi cha kumshtua mtu. Mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka, lakini nusu ya wodi ilikuwa hivyo kwa joto lile. Akaleta kipimo cha kushika mkononi, akakipitisha ubavuni. Kiooni palionekana kivuli cheusi chembamba kama ukucha.

"Inaweza kuwa damu," alisema. "Inaweza kuwa mkojo uliovuja kidogo, nao utanyonywa wenyewe. Ukishapasuliwa, kila ubavu unabaki na kivuli. Daktari ndiye anayejua kukisoma."

"Basi mwite!"

Alipiga simu Dodoma mbele yangu. Sauti ya mezani kule ikamjibu kwa upole, ikamwambia kwamba Mzee Malogo ni wa kijani, na kwamba mbele yake wapo wa nyekundu kutoka hospitali nyingine. Akaeleza habari ya vifuko. Sauti ikamshukuru kwa taarifa.

Baba alikuwa anatusikiliza macho yamefumbwa. "Msimsumbue daktari," alisema. "Mshipi huu naujua. Ni mimi niliyeufundisha."

Alisema kweli, na alikuwa hachoki kulisema. Mwaka uliopita kampuni iliwaita wazee wenye mawe, ikawavika mishipi isiyo na dawa, ikawauliza hali zao mchana kutwa ili chombo kijifunze watu wa huku wanavyojibu. Baba alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Alirudi nyumbani akitembea kama aliyetawazwa. "Tumeufundisha heshima," alituambia. "Sasa unaamkia wakubwa."

*

Nesi Mbeleje alinivuta hadi kwenye kona ya beseni la kunawia mikono.

"Ipo njia," alisema. "Naweza kuifunga ganzi. Mshipi utaendelea kusikiliza lakini hautaamsha kifuko hata kimoja. Iliyomo mwilini itayeyuka, maumivu yatarudi yote. Kama kuna kitu kibaya ndani, atakisikia, atakisema, taa itageuka, na daktari atakuja kwenye kioo hapo hapo."

"Na kama hakuna?"

"Basi utakuwa umemtesa baba yako bure. Ana tundu mgongoni, Sangula. Si kidonda cha mwiba."

Nilitaka kumwambia afunge sasa hivi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akaniwahi.

"Nakuuliza jambo moja, usinijibu kwa hasira. Unataka ifungwe kwa sababu unamwogopea mzee, au kwa sababu unataka kampuni ionekane ni wezi?"

Sikuwa na uhakika, na hilo lilikuwa jambo geni kwangu. Tangu bango lile liliposimamishwa nilikuwa naiwinda siku ya kuliangusha. Sasa siku imekuja, na nyundo niliyopewa ni mbavu za baba yangu.

Nilirudi kitandani, nikamsogezea tena mto chini ya bega, nikakaa pembeni yake. Nilimweleza yote bila kupunguza. Alinisikiliza akitazama dari.

"Mimi sina neno," alisema. "Wewe ndiye mkubwa wangu sasa. Fanya unavyoona."

"Baba, ni mwili wako."

"Ni mwili wangu. Lakini macho ni yako. Mimi huku ndani sioni kitu. Wameniwekea giza zuri."

Watu hudhani kumpenda mzazi ni kumwondolea maumivu. Nami nilidhani hivyo. Hakuna aliyenieleza kwamba siku moja nitakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikiwa na ruhusa ya kumrudishia, na kwamba kumrudishia kunaweza kuwa ndiyo mapenzi, na kunaweza kuwa ndiyo kiburi changu, na kwa nje mambo hayo mawili yana sura moja.

Nikautazama mshipi. Kijani. Kijani kinachotabasamu.

"Funga," nilisema.

*

Maumivu hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mgeni anayejua nyumba. Kwanza baba aliacha kuzungumza. Kisha vidole vya miguu vikaanza kujikunja chini ya shuka. Kisha pumzi yake ikawa fupi, ikikatikia juu kifuani, kana kwamba kuna kitu humo ndani kinachoipiga marufuku. Nilimshika mkono. Aliuondoa, akarudi kwenye chuma chake.

Mshipi ukaamka. "Shikamoo, baba. Habari ya maumivu?"

Nesi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Nilisogea karibu na baba hadi nikasikia harufu ya jasho lake. Sema, nilikuwa namwambia moyoni. Sema, mzee wangu, sema.

"Marahaba, binti yangu," baba alisema, na kila neno lilikuwa linapanda mlima. "Nzuri. Ila..."

"Asante, baba. Pumzika salama," ulisema mshipi. Taa ikapepesa, ikabaki kijani.

Nilihisi kama aliyepigwa kofi.

"Mshipi umemkata," nilisema. "Nesi, umemkata! Hajamaliza. Amesema 'ila.' Ila nini, baba?"

"Basi," baba alisema. "Yamepita."

"Ila nini?"

"Nimesema basi, Sangula. Mimi nimlilie mwanangu?"

Nesi Mbeleje alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, sauti yake ilikuwa nyingine, sauti ya binti wa Chumvini wala siyo ya nesi. "Nilikuwapo," alisema. "Mwaka jana, wakati wa kuufundisha. Mimi ndiye niliyekuwa nawaletea uji. Kila mzee aliulizwa, kila mzee alianza na 'nzuri.' Mzee mmoja alikuwa analia machozi kabisa, akasema nzuri, ila nakufa. Mafundi walituambia chombo kinahitaji jibu moja tu, la mwanzo, mengine yatakichanganya. Tukaona sawa. Sikufikiri."

Nani angefikiri? Huku kwetu mtu amefiwa usiku, asubuhi unamuuliza habari, anakwambia nzuri, kisha anakaa, kisha anakwambia, ila tumeondokewa na mtoto. Hakuna anayeanza na baya. Kuanza na baya ni kumtupia mgeni mzigo kabla hajavua viatu. Ukweli wetu unakuja nyuma, umeshika mkia wa salamu. Na chombo kile kilifundishwa kufunga mlango salamu inapoingia.

Haikuwa maji. Haukuwa wizi. Neva za wazee wetu zilipiga kelele na midomo yao ikasema nzuri, na mshipi, mwanafunzi mtiifu, ukajifunza kwamba huku kelele ile ndiyo inayoitwa nzuri. Wodi nzima ilikuwa ya kijani kwa sababu wodi nzima ilikuwa na adabu.

"Baba," nilisema, "uambie mbaya. Neno moja tu."

"Siwezi kumjibu mtu hivyo."

"Siyo mtu!"

"Ameniamkia," baba alisema, na machozi yalikuwa yanamshuka hadi masikioni, na bado alikuwa hawezi. Nesi alimsihi. Mimi nilimsihi. Sisi sote tulikuwa watoto wake, na mbele ya watoto alikuwa ukuta.

Ndipo kitanda cha jirani kilipolia. Mzee Kihwele alikuwa anajiinua kwa viwiko, mrija wake ukining'inia, uso umekunjamana.

"Wewe Mgogo," alisema. "Unakufa?"

"Nyamaza, Mhehe."

"Nauliza ili nijue. Ukifa nalichukua lile blanketi lako. Na huyu mwanao mwenye makelele nampeleka Iringa akanibebee vitunguu."

"Mla mbwa wewe..."

"Ndiyo, nakula. Nilisikia Wagogo mnavumilia jando porini bila kupepesa jicho. Kumbe uongo. Tazama unavyolia kama kitoto kilichonyimwa ubwabwa. Ubavu umekushinda?"

"Siyo ubavu!" baba alipaza sauti, na sauti ile ilitoka mahali ambapo mimi, mtoto wake wa kwanza, sijawahi kukanyaga. "Mpumbavu wewe, siyo ubavu! Ni bega! Bega linang'oka! Tangu jana linang'oka kama kuna Mhehe anaguguna humo ndani! Nikivuta pumzi linanichoma kisu, na huyu mtoto namwambia ila bega, ananisogezea mto!"

Nilisimama pale, na mto ule ulikuwa hapo mbele yangu. Mara mbili. Nilikuwa nimeusogeza mara mbili.

Nesi alikuwa ameshafika kichwani pa kitanda. "Bega lipi, baba?"

"La kushoto."

Rangi ilimtoka usoni. "Bega halikupasuliwa," aliniambia haraka. "Wala ganzi ya ubavuni haifiki huko. Damu ikikusanyika juu tumboni, chini ya kiwambo cha pumzi, ubavu unaweza kunyamaza lakini bega ndilo linalolalamika. Neva za bega na za kiwambo hicho zina njia moja. Sindano ya kutobolea figo itakuwa imegusa bandama. Mzee, nauamsha mshipi ukuulize tena. Usipoigeuza taa wewe, kule Dodoma hawatatusikia kwa wakati."

"Shikamoo, baba. Habari ya maumivu?"

Baba alifungua mdomo. Niliiona ile "nzuri" ikipanda kooni mwake, kongwe, safi, iliyorithiwa. Macho yake yalimtafuta Kihwele.

"Mtani," alisema kwa sauti ndogo. "Nijibie."

"Hausikii sauti yangu, mjinga wewe. Mdomo si unao? Au ni wa kuombea tu?" Lakini Kihwele alikuwa hacheki tena. Alikuwa amenyoosha mkono wake mrefu kupita nafasi ya vitanda, ameukamata mkono wa baba, na baba hakuuondoa. "Sema, ndugu yangu. Nitukane mimi. Nitazame mimi, sema."

Baba akamtazama.

"Mbaya," alisema. "Mbaya, mbaya, mbaya sana."

Taa ikawa nyekundu. Sijawahi kuipenda rangi kama nilivyoipenda ile.

*

Uso wa Daktari Kokuhirwa ulitokea kiooni kabla nesi hajamaliza kufunga matairi ya kitanda. Aliuliza maswali mawili, akasikia neno "bega," akasema, "Mleteni." Nilikisukuma kitanda mwenyewe. Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka, nikaiona mikono ya chuma ikijinyoosha ndani kama mtu aliyeamshwa, kisha milango ikajifunga.

Nilisimama nje nikiwa nimeushika ule mto. Sijui niliuchukua saa ngapi. Nilikuwa nimekuja hospitali ile kutafuta mwizi, na nilikuwa na majina tayari, nikawachunguza wote, nesi, kampuni, dereva wa gari la dawa. Sikuwa nimelichunguza sikio langu.

Jua lilipolegea, Nesi Mbeleje alitoka, kofia ya kijani imemlowa. "Ilikuwa bandama," alisema. "Daktari ameishona. Amesema mmemwahi, lakini kwa unywele. Usiku huu ataangaliwa kwa macho, siyo kwa taa."

"Nisamehe," nilimwambia. "Kwa habari ya maji."

"Usiache kushuku," alijibu. "Ila siku nyingine ukinishuku, ninong'oneze kwanza." Akatabasamu kidogo, akarudi ndani.

Nilirudi wodini kuchukua vitu vya mzee. Mahali pa kitanda chake palikuwa wazi, duara la vumbi kila palipokuwa na tairi. Wanaume wale wote walikuwa wamelala chali wakiutazama ule uwazi, na viunoni mwao taa zilikuwa za kijani, safu mbili nzima, kijani juu ya kijani hadi dirishani.

Kisha mishipi ikaanza zamu yake. Sauti ile ya binti ikaanzia kitanda cha mlangoni.

"Shikamoo, baba. Habari ya maumivu?"

Mzee wa mlangoni, ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote tangu tulipofika, aligeuza shingo kuitazama nafasi ya baba. Alilamba midomo.

"Mbaya," alisema, taratibu, kama mtu anayeonja uji kujua kama ni wa moto au wa baridi. Taa yake ikawa nyekundu. Akaitazama kwa mshangao.

Kitanda cha pili kikasema nzuri. Cha tatu kikasema mbaya. Cha nne kilikuwa cha kijana wa rika langu, akasema mbaya kisha akajifunika shuka usoni, na chini ya shuka nikamsikia analia, kilio cha kwanza kilichoruhusiwa ndani ya wodi ile. Safu ikaenda hivyo, nyekundu, njano, kijani, nyekundu. Mahali fulani Dodoma meza ya daktari ilikuwa inawaka moto. Nikajua kesho watakuja watu wa kampuni wenye suti na maswali, na watataka kujua ni nani aliyeiharibu wodi yao. Nilikuwa nawasubiri.

Mwishoni zamu ikafika kwa Mzee Kihwele. Alikuwa ameegemea mito, amechoka, mkono ule aliomshika baba bado ameuacha umening'inia kwenye nafasi iliyo wazi.

"Shikamoo, baba. Habari ya maumivu?"

"Marahaba," alisema Kihwele. "Nzuri. Ila..."

"Asante, baba. Pumzika sa..."

"We binti!" alinguruma, akiupiga mshipi kofi kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Kaa chini. Sijamaliza."